Waya Kuingia Si Dalili ya Usalama
Wengi wetu hapa Lamu huamini kwamba waya wa umeme wa kuchomoa, maadamu kichwa chake kimeingia kwenye chombo, unakifaa chombo hicho, na ndiyo maana waya wa kompyuta huhamishiwa jikoni bila wasiwasi. Imani hiyo si sahihi. Umbo la kichwa halielezi unene wa shaba iliyomo ndani: birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta mkondo wa umeme wa zaidi ya ampea 8, ilhali kompyuta ya mezani kwa kawaida haifiki 2, na mkondo ukiongezeka maradufu joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitakatika, kwa kuwa 8 kwake ni kidogo, huku waya mwembamba ukizidi kupata moto chini ya mkeka. Tena hewa yetu ya chumvi huyatia kutu meno ya plagi, na hapo joto huongezeka; plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia yatosha kuwa sababu ya kuutupa waya. Nawasihi jamaa zangu wasome ampea zilizochapwa kwenye kichwa cha waya, kisha wagawanye wati za chombo kwa 240: jibu lisizidi ampea hizo.