Bandeji ya nano yenye antibayotiki si bandeji ya fedha

Siku hizi bandeji yoyote iliyotiwa madini ya fedha utasikia ikiitwa "antibayotiki ya nano". Jamani, hapana.

Bandeji ya nano yenye antibayotiki ni kitambaa, utando wa nyuzi au jeli ya kufunikia kidonda, ambayo ndani yake mna vichembe vilivyobeba dawa, tuseme jentamaisini au siprofloksasini. Vichembe hivyo hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus, msumbufu mkubwa wa vidonda, ana upana wa nanometa 1,000 hivi. Ndiyo maana ya nano, hiyo tu.

Sasa, kichembe hicho mara nyingi hakiui chochote. Ni mchukuzi. Hutengenezwa kwa mafuta, kwa kitosani itokanayo na magamba ya kamba na kaa, au kwa polima (kitu cha jamii ya plastiki) inayomomonyoka taratibu, na dawa huvuja humo kidogo kidogo. Saa za mwanzo hutoka kwa wingi, baadaye hupungua, na hapo kwenye kupungua ndipo penye kazi: dawa ikiwa haba kiasi cha kushindwa kuua, bakteria waliosalia hupata mwanya wa kujenga usugu.

Fedha ni habari nyingine kabisa. Haikubeba dawa, yenyewe ndiyo sumu. Hutoa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazoharibu utando wa bakteria, zinavuruga vimeng'enya vyake (protini zinazoendesha kazi za seli) na kufika hadi kwenye DNA. Inapiga huku na huku, na ikizidi huumiza hata seli za ngozi zinazohangaika kuziba kidonda. Jentamaisini inalenga mahali mahususi, ribosomu ya bakteria, inakotengenezwa protini. Kwa hiyo fedha hukaa kundi moja na iodini, la viuavijidudu vya jumla (antiseptiki), si la antibayotiki. Tena si kila bandeji ya fedha ni ya nano, ingawa wauzaji wanalipenda sana neno hilo.

Halafu kuna wanaosema bandeji hizi "zinaponya". Dawa hupunguza bakteria. Nyama mpya inaoteshwa na mwili, mradi damu inafika na nyama iliyokufa imeondolewa. Kidonda kisicho na maambukizi kwa kawaida hakina haja ya antibayotiki, iwe ya nano au ya kawaida.

Basi pakiti ikiandikwa fedha, tuiite bandeji ya fedha. Na anayesema ana bandeji ya antibayotiki, tumwulize kwa upole: antibayotiki gani?