Mifumo miwili kwenye Steam Deck: kinachogawanywa ni nini?

Wengi huamini kwamba ukiweka Windows pamoja na SteamOS (mfumo endeshi unaokuja na Steam Deck) kwenye kompyuta ya michezo ya kushika mkononi kama Steam Deck, mifumo hiyo hugawana prosesa na RAM, na yote miwili huwa mizito.

Kinachogawanywa ni nafasi ya diski tu. Ukiwasha mashine, mfumo mmoja ndio unaofanya kazi. Mwingine ni mafaili yaliyotulia, hayatumii RAM wala betri. Nafasi, hata hivyo, ni shida ya kweli. Kwenye Deck ya GB 64, Windows ikishaingia, mchezo mmoja mkubwa unaweza kukosa mahali. Ndiyo maana wengine huiweka kwenye kadi ya microSD, nayo husoma polepole kuliko diski ya ndani. Nadhani dhana hii imepata nguvu hapo: uzito wa kadi hudhaniwa kuwa uzito wa mifumo miwili.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Ukiwa ndani ya Windows, fungua Task Manager, sehemu ya Memory. Utakuta RAM yote GB 16, isipokuwa kiasi kilichotengwa kwa ajili ya grafiki. Upande wa SteamOS, fungua Konsole, programu ya kuandikia amri, uandike free -h uone RAM, kisha lsblk uone diski ilivyokatwa, yaani ilivyogawanywa sehemu za kila mfumo.

Kabla ya kuikata diski, tafadhali nakili mafaili yako kwingine. Hapo ndipo watu hupoteza vitu. Na Windows ikianza kujiwasha yenyewe baada ya sasisho, SteamOS haijafutika. Zima mashine, shikilia kitufe cha kupunguza sauti huku ukiiwasha, uchague mfumo unaoutaka.