Joto na kubebesha mikorosho: wanayosema vitaluni na yaliyo kweli

Kijana anayenisaidia kitaluni, hapa nje kidogo ya Mtwara mjini, alinijia asubuhi moja na simu mkononi. "Mjomba, tazama wenzetu wanavyobebesha." Kubebesha ni kupachika kikonyo, yaani kijiti chenye macho (machipukizi ambayo hayajafunguka) kilichokatwa kwenye mti mama, juu ya shina la mche mwingine ili viwe mti mmoja; panapokutana ndipo kiungo. Kwenye video kulikuwa na bomba refu la plastiki lililotobolewa ubavuni, ndani limepitishwa waya wa kupasha joto. Kila penye tundu umelazwa mche, kiungo tu ndicho kimeingia, juu pakafunikwa sponji. Akataka tutengeneze letu kwa taa za vifaranga. Nikamwambia kwanza akashike viriba vyeusi vya kuoteshea miche, vitupu, vilivyokuwa juani karibu na mlango. Hakuvishika kwa muda mrefu.

Bomba lile si uzushi. Lilitengenezwa Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtafiti aitwaye Harry Lagerstedt, kwa ajili ya hazelinati na walnati, miti ya kokwa ya nchi za baridi, ambayo ilikuwa inawasumbua wabebeshaji wa kule. Tatizo ni kwamba watu husikia nusu ya habari, "joto huponya kiungo", kisha nusu iliyobaki wanaijaza wenyewe. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara.

"Joto likizidi, kiungo kinashika haraka zaidi."

Mpaka kiwango fulani, ndiyo. Kikonyo na shina havigundishwi kama mbao na gundi. Sehemu ngumu ya ndani ikishakatwa hairudi kuungana. Kinachounganisha ni seli mpya, laini na nyeupe, zinazoota kutoka kwenye ule utando mwembamba unaoteleza kati ya gamba na hiyo sehemu ngumu. Pande mbili zikikutana utando kwa utando, seli hizo hushikana, kisha hujitengenezea njia za maji na chakula. Ni kazi ya viumbe hai, na kama unga uliotiwa hamira, baridi huichelewesha na moto huiua.

Kwa walnati, bomba hupashwa hadi karibu nyuzi 27 za Selsiasi tu. Kwa tufaha, ambalo limepimwa sana, kupita nyuzi 32 seli hizo huanza kupungua na kuumia, na zikikaribia 40 hufa. Mkorosho ni mtoto wa nchi za joto na huvumilia zaidi ya tufaha, lakini jeraha lililo wazi ni jeraha. Sasa fikiria mchana wa Novemba huku kwetu, hewa imepita nyuzi 30 hata kivulini. Joto la bomba la Oregon tunalo bure, na mara nyingi tunalo la ziada. Anayeongeza taa hapo anachemsha.

"Kama ni hivyo, habari ya joto haituhusu watu wa Kusini."

Inatuhusu sana, ila kwa upande wa pili. Mwenzetu wa Oregon anahangaika kulileta, sisi tunahangaika kulizuia. Miche ya kupandwa mvua za Desemba na Januari wengi tunaibebesha miezi ile ile ambayo jua la Mtwara na Lindi linapasua kichwa. Tunakivika kila kikonyo kifuko chembamba cha nailoni, kama vile vya aiskrimu ya barafu, ili kisikauke. Ni jambo jema, lakini kifuko hicho hicho kikipigwa na jua la saa saba huwa sufuria yenye mfuniko. Ukiona ndani yake matone ya umande asubuhi na mchana pia, mambo ni mazuri. Ukiona kimejaa ukungu wa moto na kikonyo kimegeuka rangi ya chai, usitafute ugonjwa.

Dawa yake ni kivuli. Paa la makuti linalopitisha hewa ni bora kuliko bati, maana bati lenyewe huwaka likashusha joto chini. Nimeona banda la bati lililojengwa kwa fedha nyingi, fundi akisifia kwamba "linatunza joto". Lilitunza kweli.

"Ni sawa kupasha mche mzima."

Hapa ndipo penye akili yote ya lile bomba, na ndipo wengi wanapokosea. Linapasha kiungo peke yake. Mizizi imefunikwa vumbi la mbao lenye unyevu kwenye baridi, na ncha ya kikonyo yenye macho nayo imeachwa kwenye baridi. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu jicho halisubiri ruhusa. Likipata joto linafumuka, linatoa majani, na majani yanadai maji wakati huko chini njia ya maji bado haijajengwa. Kwa hiyo kule wanaliacha jicho lilale kwa wiki tatu au nne huku jeraha likifanya kazi.

Sisi hatuwezi kulaza jicho la mkorosho kwa baridi, ila tuna njia yetu. Siku saba hadi kumi kabla ya kukata vikonyo, kata majani ya matawi uliyochagua, uache vikono vyake, yaani vile vijiti vinavyoshikilia majani. Vikono hudondoka vyenyewe, na macho yanavimba bila kufunguka. Hapo ndipo pa kukata. Jicho lililokwisha fumuka liache kwenye mti mama, hata kama mteja anaharakisha.

"Mche ukichipua, umeshika."

Hii imenigharimu mwenyewe. Mwaka mmoja, siku ya kumi na moja tu, niliona miche kadhaa imetoa vijani vyekundu vizuri kabisa. Nikafurahi, nikavua vifuko vyote, nikamwambia mke wangu mwaka huu tunaezeka. Siku ya nne baada ya kuvivua, vijani vilining'inia. Nilishika kikonyo kimoja, nikakivuta kidogo, kikatoka chote kama kizibo cha chupa. Uso wa kabari, ile ncha ya kikonyo iliyochongwa na kuingizwa kwenye shina, ulikuwa wa kahawia, mkavu, na upande mmoja tu palikuwa na uzi mweupe mwembamba wa seli mpya. Kikonyo kile kilikuwa kinakula akiba yake.

Kikonyo chenye unene wa penseli kina chakula na maji ya kutosha kutoa majani mawili matatu bila msaada wa shina. Joto likiwa kali, hicho ndicho hutangulia. Siku hizi sivui kifuko kabla ya wiki tatu, na wakati wa kukivua nakata kwanza kona ya juu, naacha siku mbili, ndipo nakitoa, tena jioni. Ninachoangalia ni majani ya pili. Yakikomaa na kukaza, shina limeanza kulisha.

"Joto huharibu baada ya kubebesha tu."

Vikonyo vingi vimeshakufa kabla ya kisu kufika. Mtu anakata asubuhi, anavitia kwenye mfuko wa rambo, anaufunga nyuma ya bodaboda, anasimama njiani kunywa chai. Vifunge kwenye ganda la mgomba au gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, uvipitishe kivulini, uvitumie siku hiyo hiyo.

"Fulani ana mkono wa moto, miti yake haishiki."

Mkono wake hauna kosa, ila vidole vina jasho na anavigusisha kwenye kabari, halafu anaishikilia kabari hewani akipiga hadithi. Kata, ingiza, kaza nailoni. Kisu kiwe kikali, mikato miwili bapa, basi.

"Msimu wa baridi washa jiko kitaluni."

Nimeulizwa hili na watu wa Newala na Tandahimba, na siwacheki. Juu ya uwanda wa Makonde, Juni na Julai, usiku hubana na asubuhi hujaa ukungu, na kiungo huchukua siku zaidi kuliko pwani. Lakini jiko la mkaa linakausha hewa, linachoma miche ya karibu na kuisahau ya mbali, na linaamsha majani pamoja na jeraha. Kinga upande unaotoka upepo wa kusi, sogeza viriba vikae vimebanana, mwagilia asubuhi badala ya jioni, kisha ongeza siku za kusubiri.

Anayebadilisha mkorosho mkongwe shambani kwa kuukata na kubebesha machipukizi yanayoota kwenye kisiki chake hana makuti wala paa. Wengi huishia hapo kwa kulaumu mbegu. Mimi juu ya kifuko cha nailoni navika kofia ya gazeti, naifunga kwa uzi, na kila inapowezekana nachagua chipukizi lililo upande wa mashariki ya kisiki, ili jua la alasiri lilikute kivulini. Gazeti likilowa na kuchanika, navika jingine.