Jinsi zimamoto wanavyomtafuta mtu ndani ya moshi

Kikosi kinapofika kwenye nyumba inayoungua huuliza kwanza: kuna mtu ndani, na yuko chumba gani? Kuambiwa tu "wamo watu" hakutoshi. "Mtoto wa miaka minne, chumba cha nyuma, dirisha linatazama kwa jirani" ni jibu linalookoa dakika nyingi, kwa sababu askari anayeingia humo haoni kitu.

Moshi wa magodoro na makochi ya sponji hujaa kuanzia darini na kushuka, mpaka mtu asione kiganja chake mwenyewe. Askari huingia wawili wawili, wakitambaa, maana joto chini ni afadhali. Mlangoni hukabidhi vibao vyenye majina yao kwa msimamizi, naye huandika saa ya kuingia na presha ya kila mtungi wa hewa wanayopumua. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 una takribani lita 2,000 za hewa. Kwa lita 40 kwa dakika hiyo ingekuwa hewa ya dakika 50, lakini anayetambaa na kuburuta mtu hupumua zaidi ya hapo, na lazima abaki na hewa ya kutokea. Filimbi ya mtungi, inayoonya kwamba hewa inakaribia kwisha, ikianza kulia, anapaswa awe ameshatoka nje.

Ramani yao ni ukuta. Aliyeingia na ukuta wa kulia huufuata huohuo mpaka arudi mlangoni. Akitaka kukatiza kazi, hugeuka na ukuta unakuwa kushoto kwake. Mmoja hubaki ukutani, mwenzake hujinyoosha kupapasa katikati ya chumba. Kitanda hupapaswa juu, kisha uvunguni. Watoto hujificha uvunguni na kabatini. Watu wazima mara nyingi huanguka nyuma ya mlango au chini ya dirisha, walipokuwa wakijaribu kutoka. Ndiyo maana mlango unaogoma husukumwa taratibu. Kila baada ya muda wote wawili hutulia na kubana pumzi, wasikilize kikohozi au mkwaruzo. Kamera ya joto husaidia sana, ila haioni kupitia kioo, na mtu aliyefunikwa na godoro anaweza asionekane. Kupapasa hakuachwi.

Jambo moja linaloua haraka ni mlango ulioachwa wazi. Moto uliokosa hewa ukiipata hulipuka upya. Gesi za darini zikifikia takribani nyuzi 600 za Selsiasi, chumba kizima huweza kushika moto kwa mara moja, na hata mavazi ya zimamoto hayahimili hali hiyo zaidi ya sekunde chache. Kwa hiyo askari anayeingia kupitia dirishani hukimbilia kwanza kuufunga mlango wa chumba hicho, ndipo aanze kutafuta. Nawe ukizingirwa fanya vivyo hivyo: funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa nguo iliyolowa, nenda dirishani, gonga nondo, piga kelele. Waeleze watoto mapema kwamba hawapaswi kujificha, na kwamba mtu wa kutisha mwenye barakoa na pumzi ya kukoroma amekuja kuwachukua.

Nondo za madirisha tunaziweka kwa ajili ya wezi, na kwa kweli zinatufungia sisi. Kuzikata huchukua muda ambao aliye ndani hana. Fundi atengeneze walau dirisha moja kwa kila chumba cha kulala lenye nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mkono wa nje haufiki lakini kila mwanafamilia anapajua, hata gizani. Ufunguo wa kufuli la geti nao uwe na mahali pake.

Kwa Tanzania, piga 114 mara moja, kabla ya kuanza kutoa vyombo. Mkishatoka, hesabianeni, na asirudi mtu. Aliyedhaniwa yumo akionekana salama kwa jirani, kiongozi wa kikosi aambiwe papo hapo, maana bila taarifa hiyo askari wawili wataendelea kutambaa humo wakimtafuta.