Je, wajua kwa nini jani dogo la bati huweza kumudu sanamu nzima?

Ukisimama chini ya sanamu ning'inizi ya msanii Alexander Calder, macho hukataa kuamini. Ncha moja ya ufito wa chuma ina kipande kimoja cha bati, chembamba kama jani. Ncha ya pili imebeba msururu mzima wa waya na mabati mengine. Hata hivyo, ufito haulali upande wenye mzigo.

Kinachopimana hapo si uzito peke yake, bali uzito mara umbali wake kutoka kwenye kitanzi kilichoshika ufito. Bati la gramu 100 lililo sentimita 30 kutoka kwenye kitanzi hulingana na mzigo wa gramu 300 ulio sentimita 10 upande wa pili (uzito wa ufito wenyewe tuuweke kando). Jumla yake ni gramu 400. Sasa itundike jumla hiyo kwenye ufito mwingine, sentimita 5 tu kutoka kwenye kitanzi cha juu: kijibati cha gramu 50, kikikaa sentimita 40 upande wa pili, kitaimudu. Ndiyo maana Calder alianza na ncha ndogo ya chini akapanda. Kitanzi cha juu hakipati mahali pake mpaka ujue cha chini kimebeba nini.

Lakini kulingana hakutoshi. Penseli iliyosimamishwa kwa ncha nayo imelingana, na bado huanguka. Zitazame fito zenyewe kwa karibu: nyingi zimepinda, ncha zimeinama chini kama tawi lenye matunda. Mpindo huo ni mzuri, tena una kazi. Huiweka mizigo chini kuliko kitanzi, na kitovu cha uzito (mahali ambapo ni kama uzito wote umekusanyika) nacho hushuka chini ya kitanzi. Upepo ukiinamisha upande mmoja, kitovu hicho hupanda kidogo, kisha uzito wake wenyewe hukirudisha. Kingekuwa juu ya kitanzi, pumzi moja ingepindua kila kitu.

Calder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919. Mwaka 1922, akiwa mfanyakazi wa meli karibu na pwani ya Guatemala, aliamka alfajiri akaona jua jekundu likichomoza upande mmoja na mwezi ukiwa upande wa pili. Taswira hiyo ya magimba mawili angani haikumtoka tena.

Baadhi ya sanamu zake za mwanzo ziliendeshwa kwa mota. Mwaka 1931 msanii Mfaransa Marcel Duchamp akaziita mobile, neno ambalo kwa Kifaransa hubeba maana ya kitu kinachojongea na pia ya nia ya tendo. Ila mota hurudia mzunguko ule ule, na Calder akazidi kuuachia upepo kazi hiyo. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi wake bora kuliko yote. Kila ufito huzunguka kwenye kitanzi chake, mmoja ukivuta mwingine, kama majani ya mti mmoja ambayo kila moja hutikisika kivyake.

Moja ya sanamu zake kubwa za mwisho ilitundikwa mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake, katika jumba la sanaa la National Gallery of Art mjini Washington. Ina takriban kilo 417. Ili iwe nyepesi, mabawa yake yalitengenezwa kwa alumini yenye vyumba vyumba ndani, kama sega la nyuki, na hewa ya ukumbini huizungusha polepole.