Bunge Halikwenda Vitani Kumng'oa Charles

Nimesahihisha rundo jingine la insha, na sentensi ni ileile: "Bunge la Uingereza lilianzisha vita ili kumwondoa Mfalme Charles wa Kwanza." Sivyo, jamani. Mwaka 1642 karibu kila mbunge alitaka nchi iendelee kuwa na mfalme. Jeshi la Bunge, chini ya Earl wa Essex, lilitangazwa kuwa linamtetea mfalme na Bunge kwa pamoja. Lawama walitupiwa washauri wake.

Ya nyuma mnayajua: Ombi la Haki la 1628 lililomtaka mfalme asitoze kodi bila Bunge, Spika aliyekandamizwa kitini mwaka 1629 asiahirishe kikao, miaka 11 bila Bunge, kodi ya meli aliyoitoza mfalme bila idhini ya Bunge. Lakini tazameni kalenda. Kufikia Agosti 1641 kodi ya meli ilikuwa imefutwa kisheria. Strafford, mshauri aliyeogopwa kuliko wote, alikuwa ameshakatwa kichwa tangu Mei. Mfalme alikuwa ametia saini sheria kwamba Bunge hilo lisivunjwe bila ridhaa ya Bunge lenyewe. Kama ugomvi ulikuwa wa kodi tu, mbona vita vilikuja mwaka uliofuata?

Jibu liko Ireland. Uasi ulipolipuka huko Oktoba 1641, ilibidi jeshi litumwe. Nani angeliamuru? Pym, kiongozi wa wapinzani wa mfalme bungeni, na wenzake waliogopa kwamba Charles, akishapewa askari, angewageuzia wao. Charles naye aliona kwamba mfalme asiyeamuru jeshi si mfalme. Kodi mnaweza kupatana kiasi. Amri ya jeshi haina nusu.

Hapa ndipo Bunge lenyewe lilipopasuka, na hili ndilo ninaloomba lisirukwe. Usiku wa Novemba 22 wabunge walijadili orodha ndefu ya malalamiko dhidi ya utawala wa Charles hadi usiku wa manane ukapita. Kura zikawa 159 za kuikubali kwa 148 za kuikataa. Tofauti ya kura 11! Ulipofuata ubishi wa kuichapisha, baadhi walishika mapanga yao mle mle ukumbini. Na hao 148 hawakuwa vibaraka wa mfalme. Edward Hyde, aliyewashambulia majaji waliohalalisha kodi ya meli, ndiye aliyekuja kuwa mwandishi wa hoja za mfalme. Aliona sasa anayevuka mpaka ni Bunge.

Januari 4, 1642, Charles aliingia bungeni kuwakamata wabunge watano, akawakuta wameshatoroka. Spika Lenthall alipiga magoti, akasema hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa agizo la Bunge. Agosti mfalme akapandisha bendera ya vita Nottingham.

Na dini? Kwa miaka mingi nilifundisha kwamba ilikuwa kisingizio. Siamini tena hivyo. Vita na Waskoti, vilivyomlazimisha Charles kuliita Bunge mwaka 1640, vilianzia kwenye kitabu cha sala alichotaka kuwalazimisha. Ila nikifundisha kwamba dini ndiyo mzizi, Hyde ananisumbua, maana hoja zake nyingi ni za sheria. Uzani huo bado sijautuliza.

Mwangalieni basi Denzil Holles. Mwaka 1629 alimkandamiza Spika kitini; mwaka 1642 alikuwa mmoja wa wale watano waliotoroka. Mwaka 1647 jeshi la Bunge lenyewe lilimshtaki, akakimbilia Ufaransa. Alikuwa bado anatafuta mapatano na mfalme.