Peupe kwenye ramani si jangwa la uyoga

Naomba nilimalize hili, maana nimechoka kulijibu kila nikiambiwa sehemu fulani haina uyoga: peupe kwenye ramani yetu ya uyoga wa Nyanda za Juu Kusini si mahali pasipo na uyoga. Mara nyingi ni mahali ambapo gari halikufika, au lilifika wiki isiyo yake. Tazameni alama za mahali tulipookota uyoga: zimejipanga kandokando ya lami kutoka Iringa, Mafinga, Makambako hadi Mbeya kama kunguru kwenye waya.

Unachochuma ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi ardhini au ndani ya gogo, na inaweza kukaa miaka bila kuchomoza kitu. Mtu anazunguka msituni siku mbili za jua kali, kisha anaandika "msitu huu una aina chache". Aina chache za siku mbili, ndugu yangu!

Tena, kabla ya kuhesabu uyoga, angalia miti. Uyoga wa jenasi za Amanita, Russula, Lactifluus na Cantharellus kwetu huishi hasa na mizizi ya miyombo, yaani Brachystegia na Julbernardia. Panda msitu wa mawingu wa Rungwe: miti ya namna hiyo ni adimu, utakutana zaidi na kuvu zinazoozesha magogo. Huo si umaskini, ni msitu mwingine. Sao Hill, kwenye mashamba ya misonobari ya Mufindi, ndiko kunakochanganya kabisa. Msonobari wa huko, Pinus patula, asili yake Mexico, na chini yake unaota uyoga wa Suillus, ambao hauishi na miyombo hata ukiubembeleza. Uhesabiwe kwenye utajiri wa Mufindi? Mimi nauhesabu, kwenye safu yake peke yake. Wenzangu wengine hawataki hata kuusikia.

Masoko husaidia, ila beseni halisemi limetoka msitu gani, na akina mama huleta kinacholiwa tu. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, hufika umekatwa. Ule mzizi mrefu unaoshuka hadi kwa mchwa umebaki ardhini, nao ndio niliotaka kuuona.

Sampuli zangu nyingi za Russula zina namba tu, hazina majina. Zikipewa majina ya Ulaya kwa sababu ya wekundu wa kofia, vinasaba huja kukataa. Kwa hiyo idadi ya aina za Nyanda za Juu Kusini siwezi kuiapia.

Mkinitumia picha, geuzeni kofia nione matamvua, chimbueni shina hadi mwisho, na mniambie mmesimama chini ya mti gani. Picha ya kofia kutoka juu sijibu.